Tegu wa Papa Kwenye Meza ya Tisa

Frida Ndahani aliujua utumbo wa papa kabla ya kuijua bahari. Mtoto wa kijiji cha Mvumi, aliyekulia kwenye vumbi jekundu nyuma ya mbuzi wa baba yake, alikuwa ameiona bahari mara moja tu maishani, tena kwa nusu siku: amesimama mnadani Kilwa na ndoo yenye mfuniko mkononi, akisubiri wachuuzi wa samaki wamalize kukata minofu ili yeye achukue kile ambacho hakuna mwingine aliyekitaka.

"Dada, matumbo hayo unampelekea nani?" mchuuzi mmoja alimuuliza.

"Ni yangu mwenyewe."

"Kwani mwenyeji wa wapi wewe?"

"Dodoma."

"Aah!" Mchuuzi akawageukia wenzake. "Msimcheke, jamani. Kwao samaki hawajafika."

Wakacheka mpaka wakashika viuno. Frida alicheka nao, huku moyoni akiomba wasije wakaghairi na kuyatupa matumbo yale majini.

Aliyewahi kupasua tumbo la mbuzi anaujua utumbo wake: mrefu, laini, unaoteleza mkononi kama kamba iliyolowa. Wa papa si hivyo. Ni mfupi na mnene, na ndani yake kuna ngozi iliyojizungusha kutoka juu hadi chini kama ngazi za mnara. Chakula hushuka kwa kuzunguka, na katika mizunguko hiyo, wamejishikiza kwenye ute, wanaishi tegu. Wengi si yale majitegu marefu ya kutisha yanayosimuliwa vijiweni. Ni wadogo, wengine hawazidi kipande cha uzi kilichobaki kwenye sindano. Tena wana maringo: tegu wa papa huyu hamtaki papa yule. Kwa hiyo papa ambaye hajawahi kupasuliwa na mtu makini huenda amebeba tumboni wakazi ambao hakuna aliyewahi kuwapa jina duniani.

Papa wa Kilwa, mdogo, mgongo wa madoa meupe, alikuwa amebeba wa namna hiyo.

Kituo chao cha utafiti kilikuwa nyumba ya kupanga upande wa Chimwaga, vyumba vitatu na stoo. Mkuu wake alikuwa Dk. Mwanasha, mwanamke wa Kilwa aliyehamia Dodoma kumfuata mume wake, mtumishi wa serikali, akaja na taaluma yake ya minyoo ya baharini kwenye mji ambao hata mito yake ni ya mchanga. Watu walimshangaa. Yeye aliwajibu kwamba mnyoo akishaingia kwenye spiriti hajui tena yuko mkoa gani. Chini yake walikuwa wawili. Ambokile, Mnyakyusa wa Tukuyu, alikuwa fundi wa maabara, na pia dereva, fundi bomba na mpika chai. Frida ndiye aliyekuwa mtafiti mdogo: alianza na stashahada ya mifugo huko Mpwapwa, akajikokota darasa kwa darasa mpaka akafika shahada ya pili ya vimelea, ambayo bado alikuwa anaisomea.

Dk. Mwanasha alikuwa na mwiko mmoja, na alikuja nao kutoka kwao. Kwao mtoto mchanga hapewi jina siku anapozaliwa. Hungojewa kwanza, kitovu kikauke, ijulikane kwamba amekuja kukaa. Na tegu wake aliwafanyia hivyohivyo. Mpaka maelezo yatakapochapishwa kwenye jarida, jina la mnyoo mpya halitamkwi maabara wala haliandikwi popote, si kwenye chupa wala kwenye slaidi. Anapewa namba kwa penseli, basi. Kwenye mazungumzo anaitwa "mgeni".

Frida aliuona mwiko huo ni ushirikina uliovaa miwani. Hata hivyo aliufuata, maana Daktari alikuwa mtu wa kumheshimu, na pia, kusema kweli, maana alimwogopa.

Mwaka mzima alikaa na mgeni wake. Alimtia rangi nyekundu ili viungo vya ndani vionekane, akamwogesha spiriti hatua kwa hatua, akamlaza juu ya kioo cha slaidi, akamdondoshea gundi ya utomvu na kumfunika kwa kioo kingine chembamba kama ganda la kitunguu. Kisha akainama juu ya hadubini mpaka shingo ikakakamaa. Kichwa cha tegu yule kilikuwa na majani manne, na kila jani lilibeba ndoana mbili zenye panda kama ya manati. Manati nane. Alizipima, akazilinganisha na za ndugu zake wote waliowahi kuandikwa, kutoka India hadi Australia. Hakuna aliyefanana naye.

Wenzake mgeni waliopatikana kwenye utumbo uleule hawakuwa wengi. Baadhi walikatwa vipande vyembamba ili ndani yao isomwe, baadhi walipakwa dhahabu na kupigwa picha kwenye hadubini kubwa ya elektroni ya kuazima, waliobaki walikatika. Mzima, aliyekomaa, kichwa hadi pingili ya mwisho, alikuwa mmoja.

Na huyo mmoja ndiye aliyekuwa kila kitu. Ukitaka dunia ikubali kwamba umekuta aina mpya, maneno na picha havitoshi. Sharti uchague mmoja, umtangaze kuwa ndiye kielelezo, umweke kwenye makumbusho, ili atakayebisha miaka mia ijayo aende akamtazame kwa macho yake. Akipotea kabla ya kufika huko, ulichobaki nacho ni hadithi. Papa wale nao wamekuwa adimu. Hakuna aliyeweza kumwahidi Frida kwamba atapatikana mwingine, wala kwamba tumboni mwake atakuwamo mgeni.

Jarida lilipojibu kwamba limekubali, Frida alitoka nje ya nyumba ya Chimwaga akasimama juani bila sababu. Wahakiki waliomba jambo moja dogo tu: picha mpya ya ndoana, iliyo safi zaidi. Baada ya hapo Dk. Mwanasha angesafiri na slaidi wiki iliyofuata na kuikabidhi makumbusho kwa mkono wake.

Asubuhi ya Jumanne Frida aliwasha taa ya hadubini, akafuta lenzi, akanyoosha mkono juu ya kabati kuchukua trei ya mbao. Mkono ulikutana na vumbi.

Hapa lazima isemwe kwa nini slaidi ya thamani vile ilikuwa juu ya kabati. Gundi ile huchukua miezi kukauka kabisa, na slaidi lazima ilale chali muda wote. Walikuwa na tanuri dogo la kukaushia, lakini umeme ulikuja kwa kishindo siku moja ukaliunguza, na sasa lilikuwa Kizota kwa fundi ambaye jibu lake halikubadilika: njoo kesho. Frida akafikiri, tanuri la nini? Hewa ya Dodoma inakausha midomo, inakausha kanga kwenye kamba kabla hujamaliza kuanika ya pili, itashindwa na tone la gundi? Alichukua trei moja ya slaidi za kufundishia, iliyokuwa na nafasi wazi, akamlaza mgeni wake humo katikati ya tegu wa mbuzi na wa mbwa. Wote walikuwa na namba za penseli. Naye alikuwa na namba ya penseli.

"Kaka Ambo," aliita, "trei iliyokuwa hapa juu iko wapi?"

"Ya tegu?" Ambokile alijibu kutoka jikoni. "Nimeipakia jana kwenye basi la Mpwapwa. Kule chuoni kwenu wana mtihani leo. Si tunawaazima kila mwaka?"

Frida alikaa chini. Hakutafuta kiti, alikaa palepale sakafuni, miguu imenyooka mbele kama mtoto.

Ambokile alitokea mlangoni na kikombe. "Vipi tena? Presha?"

"Mgeni alikuwa humo."

Ambokile alikitazama kikombe, akakiweka mezani polepole sana. "Kwenye trei ya kufundishia?"

"Ndiyo."

"Nani alimweka kwenye trei ya kufundishia?"

"Mimi."

"Na mbona hukuniambia?"

"Na wewe mbona hukuniuliza?"

"Nikuulize! Slaidi ina namba kama wenzake, imelala na wenzake, nikuulize, 'Samahani, dada, kati ya hawa nani ni papa?'"

"Niite mjinga njiani," Frida alisema, akiinuka. "Sasa hivi washa gari."

Alipiga simu akiwa tayari ndani ya pikapu. Simu ya Mwalimu Nathanaeli, msimamizi wa mtihani kule chuoni, ilikuwa imezimwa, na Frida alijua kwa nini. Alikuwa amesoma mikononi mwake. Siku ya mtihani Mwalimu Nathanaeli huweka ndoo ya plastiki mlangoni, na kila mtu, mtahiniwa kwa msimamizi, hutumbukiza simu yake humo ikiwa imezimwa. Ya kwake hutangulia. Kisha mlango hufungwa, na ukishafungwa haufunguliwi. Mwaka wao msichana mmoja alichelewa kwa sababu ya kuharisha. Aliusikiliza mtihani kutokea nje, akilia.

"Mlango tutaujua tukifika," Ambokile alisema. Alikuwa anaendesha kwa kasi ambayo siku nyingine Frida angemkemea. "Niambie hatari iko wapi hasa. Watamtazama, watamchora, watamrudisha. Kutazamwa si kufa."

"Hujaziona hadubini za kule."

"Zina nini?"

"Zina umri wa babu yako. Skrubu ya kushushia lenzi imelegea, ukiigusa kidogo inashuka yote. Na kengele inalia kila baada ya dakika chache, mnahama meza, kila mtu ana haraka. Mtu anaweka jicho juu, anashusha lenzi bila kutazama pembeni, mara unasikia *kach*, kioo kimepasuka." Frida alifumba macho. "Hakuna mtihani uliowahi kuisha bila kusikia *kach*. Mwalimu alikuwa na maneno yake: 'Haya, umemuua mara ya pili.'"

Ambokile akaongeza mwendo. Mbande waliipita bila kusimama, na hilo kwa Ambokile halikuwa jambo dogo. Aliitazama mishikaki ya barabarani kwenye kioo cha pembeni mpaka moshi wake ukapotea.

"Ujue," alisema baadaye, "sisi Wanyakyusa kitu cha thamani tunakificha kwenye migomba. Nyie Wagogo mnakiweka peupe kikauke."

"Endesha gari."

"Naendesha. Nasema tu."

"Kaka Ambo, nikimpoteza huyu nimempotezea Daktari mwaka mzima, nimejipotezea shahada, na papa yule amekufa bure."

Hapo Ambokile akaacha utani. "Hujampoteza bado," alisema, na kuanzia Kongwa mpaka milima ya Mpwapwa ilipoanza kujitokeza hakupunguza mwendo.

Chuo kilikuwa nje ya mji, ng'ambo ya mto uliokauka: majengo machache ya bati, zizi, na mbuzi wa mafunzo wanaotembea popote kama wakaguzi. Ndoo ya simu ilikuwa mahali pake mbele ya maabara. Mlango ulikuwa umefungwa. Mlinzi, mzee aliyemkumbuka Frida tangu enzi zake, aliitikia shikamoo yake kwa furaha, akamuuliza habari za Mvumi, kisha akamwambia kwa upole uleule kwamba haiwezekani.

"Subirini kwenye benchi hapo, mjukuu wangu. Wakimaliza utaingia."

Frida hakukaa kwenye benchi. Alienda dirishani. Ndani, meza zilipangwa kuzunguka chumba, kila moja na kitu chake cha kutambua: kupe kwenye chupa, kipande cha ini lenye mashimo, fuvu, mbegu ya mmea wenye sumu. Meza ya tisa, kama miaka yote, ndiyo ya tegu. Mwalimu Nathanaeli hakuwa mtu wa kubadili meza. Juu yake ilisimama hadubini nyeusi, na chini ya lenzi, kwenye kipande cha mwanga, Frida aliona kidoa chekundu.

Rangi yake. Tegu wa mbuzi wa kufundishia walitiwa rangi ya zambarau. Ule wekundu aliuchanganya mwenyewe.

Kengele ililia. Watahiniwa walihama. Msichana mmoja mfupi mwenye kitambaa kichwani aliondoka meza ya tisa akigeuka nyuma kuitazama, kama mtu aliyesahau kitu. Mahali pake alikuja kijana mrefu, mabega mapana, jasho likimtoka. Aliinama. Kwake lenzi haikumwonyesha kitu, maana alikunja uso. Aliizungusha lenzi kubwa ikakaa chini, akaweka jicho, akashika skrubu ya pembeni, ile iliyolegea, na kuanza kuishusha. Hakutazama pembeni.

Frida hakumbuki kama alimwambia mlinzi chochote. Anakumbuka kitasa, na mlango ulivyogonga ukuta, na sauti yake mwenyewe.

"Acha! Usiguse! Toa mkono!"

Chumba kizima kiliganda. Kalamu moja ilianguka ikabingirika mpaka chini ya fuvu la ng'ombe. Kijana mrefu alikuwa ameinua mikono yote miwili juu kama mtu aliyekamatwa.

"Frida Ndahani," alisema Mwalimu Nathanaeli kutoka mbele. Alikuwa mtu mwembamba, shati la mikono mirefu lililofungwa mpaka kifungo cha juu, na hakuwahi kupaza sauti. "Huu ni mtihani."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Toka nje."

"Natoka," alisema Frida, lakini miguu ilimpeleka meza ya tisa. Alipiga goti hadi macho yake yakawa sawa na slaidi. Kati ya ncha ya lenzi na kioo palikuwa na nafasi ambayo karatasi ingepita kwa taabu. Alishika skrubu kwa vidole viwili, akaipandisha taratibu, akaichomoa slaidi na kuiinua kwenye mwanga wa dirisha.

Kulikuwa na mafuta ya kidole cha mtu. Kulikuwa na vumbi. Ufa haukuwapo.

Hakuamini macho matupu. Mbele ya chumba kizima, mbele ya Mwalimu aliyekuwa akimjia hatua kwa hatua, aliirudisha slaidi chini ya lenzi ndogo na kuinama. Pingili zilikuwapo, zimepangana kama punje kwenye gunzi. Shingo ilikuwapo. Kichwa kilikuwapo na majani yake manne, na manati nane zilikuwa wazi kama siku alipoziona mara ya kwanza.

"Yupo," alisema.

Kule mlangoni Ambokile, ambaye hakuwa amevuka kizingiti, alijibu "Asante Yesu" kwa sauti ya ibada, na nusu ya watahiniwa wakasema "Amina" bila kujua wanaitikia nini. Mtu akacheka. Mwalimu Nathanaeli akageuza kichwa, kicheko kikafa.

"Umemaliza?" alimuuliza Frida.

"Nimemaliza, Mwalimu."

"Basi sasa utatoka. Meza ya tisa imefungwa. Wengine endeleeni, dakika zilizopotea nitawarudishia."

Nje Frida aliifunga slaidi kwa karatasi laini, akaitia kwenye kasha la miwani ya Ambokile, na kasha akalishika kwa mikono miwili mapajani. Akaketi kwenye lile benchi alilokataa mwanzo. Mke wa mlinzi aliwaletea chai na karanga za kuchemsha, na Frida, ambaye tangu asubuhi hakuwa ameweka kitu mdomoni, alikula karanga na nusu ya maganda yake. Chai ilikuwa na moshi. Hajawahi kunywa chai nzuri vile. Mbuzi mmoja wa mafunzo alikuja akamnusa magoti, naye akamkuna katikati ya pembe akaona hata mbuzi leo ana sura ya kupendeza.

"Una penseli?" alimuuliza Ambokile.

"Unataka kumwandika jina? Daktari atakufukuza."

"Jina siandiki." Alifungua kasha, akaandika kwenye pembe ya lebo kwa herufi ndogo ngumu: PAPA. USIGUSE. Akalifunga tena.

"Hapo sawa," alisema Ambokile. "Hapo hata mimi ningesoma."

Kisha wakampigia Dk. Mwanasha. Frida alimweleza yote bila kupunguza: tanuri, trei, basi, skrubu.

"Lakini yupo?" Daktari aliuliza.

"Yupo, Daktari. Ninaye mkononi."

"Alhamdulillahi." Akashusha pumzi iliyosikika mpaka Mpwapwa. "Basi mengine tutagombana ukifika. Na huyo fundi wa Kizota mpitieni mumwambie naja mwenyewe."

Mtihani ulipoisha na watahiniwa kumwagika nje wakitafuta simu zao kwenye ndoo, Mwalimu Nathanaeli alimwita Frida ndani peke yake. Alikuwa amekaa na karatasi za majibu, kalamu nyekundu sikioni.

"Kaa. Nieleze."

Akamweleza. Mwalimu alisikiliza bila kukatiza, kisha akaomba kuiona slaidi. Aliiweka mwenyewe chini ya hadubini, akashusha lenzi huku jicho likitazama pembeni, kama alivyofundisha darasa baada ya darasa, na akakaa pale kwa muda mrefu sana kwa mtu mwenye karatasi za kusahihisha.

"Wa papa," alisema bila kuinua kichwa.

"Wa papa wa Kilwa."

"Anaitwaje?"

"Hilo siwezi kukwambia bado, Mwalimu."

"Siri?"

"Mwiko."

Mwalimu akaguna. Aliinua kichwa, na Frida akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona miaka yote ya stashahada: Mwalimu Nathanaeli alikuwa amefurahi, na hakujua afanye nini na uso wake.

"Mimi kwenye mwongozo wa kusahihisha nimeandika tegu wa mbuzi, kama kila mwaka, bila kuitazama slaidi," alisema. "Waliopita meza hiyo kabla hujavamia wote wameandika tegu wa mbuzi. Wamechora vinyonyeo vinne vya mviringo, safi kabisa, kama vilivyo kitabuni. Slaidi haina hata kimoja." Alichomoa karatasi moja. "Isipokuwa huyu. Gladness. Yule mfupi."

Frida aliipokea. Mchoro ulikuwa wa haraka, mistari imetetemeka, lakini majani manne yalikuwapo, na juu ya kila jani panda mbili za manati. Chini yake Gladness alikuwa ameandika: *Si wa mbuzi, si wa ng'ombe, si wa mbwa. Simjui. Naomba Mwalimu aangalie tena slaidi.*

Frida aliisoma mara mbili. Mwaka mzima alikuwa peke yake na zile ndoana. Hata Daktari alizitazama akiwa tayari ameambiwa atazame nini. Msichana huyu hakuambiwa chochote. Alizikuta zimemngoja kwenye meza ya tisa, kengele ikimkimbiza, na akazichora.

"Ulitufundisha mwenyewe," Frida alisema. "Chora unachokiona, usichore unachokijua."

"Nilifundisha wengi. Nimpe ngapi?"

"Zote."

"Na wengine?"

"Meza ya tisa uifute kwao. Makosa ni yangu, si yao. Slaidi za ziada za tegu wa mbuzi nitazileta kesho mwenyewe, pamoja na picha za huyu, na nitakaa nao jioni nzima niwaonyeshe tofauti, wakitaka."

Mwalimu alichukua kalamu sikioni, akampa Gladness zote, na alama ya vema akaivuta ndefu kuliko kawaida. Kisha akairudisha slaidi kwenye kasha, akaiweka kalamu chini, akafunga mikono juu ya meza, na uso ukarudi kuwa ule wa zamani.

"Sasa tuzungumze la pili. Miaka yote niliyokaa hapa mlango ule haujawahi kufunguliwa mtihani ukiendelea. Nimemwacha nje mgonjwa. Nimemwacha nje mtoto wa diwani. Wewe umeupiga teke."

"Sikuupiga teke. Niliusukuma."

"Umeupiga teke, nina alama ya kiatu. Kijana wa watu umemtia hofu. Mimi nina watu wa kuwatawala hapa, Frida. Kesho ukija na slaidi zako, kabla hujafungua mdomo kuhusu papa, utasimama mbele ya darasa uniombe radhi. Neno moja tu. Halafu yameisha."

Frida alilitazama kasha la miwani lililokuwa mbele yake. Lilikuwa limebonyea pembeni, rangi imebanduka, na ndani yake, kati ya vioo viwili, mgeni alikuwa amelala mzima. Wiki ijayo angepanda ndege. Baada ya hapo angekuwa na jina, na nyumba, na yeyote angeweza kwenda kumtazama. Nje Ambokile alikuwa anasimulia mkasa kwa mlinzi, na tayari kwenye simulizi lake mlango ulikuwa umeng'oka na bawaba zake.

Alihisi mwili wote umekuwa mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni akakuta bado ana nguvu za kucheza ngoma.

"Mwalimu," alisema, "kesho nitakuja. Nitakusalimia, nitakushukuru mbele yao wote kwa jicho ulilonipa. Yule kijana nitamnunulia soda. Alama ya kiatu nitaifuta kwa mkono wangu, na kama bawaba imelegea Ambokile ataikaza."

"Na radhi?"

"Aa. Radhi siombi."

"Frida."

"Siombi, Mwalimu. La trei nilikosea, la mlango sikukosea. Kesho siombi, na ukiweka tegu wangu mwingine pale mezani, mlango huo nitaufungua tena."